Unga wa Mshare

Mwanamke niliyempenda kuliko dada zangu wa damu alizaliwa jirani na kwetu, Kilema, chini kidogo ya misheni. Tulipata komunyo ya kwanza siku moja, tukapata kipaimara siku moja, na viatu vya kwendea kanisani tuliazimana mpaka miguu yake ilipokua ikaipita yangu. Mimi niliolewa Uru, kwenye kihamba, shamba la ukoo, chenye kahawa nyingi na migomba ya kutosha. Yeye aliolewa Majengo, mjini Moshi, na mwoka mikate mpole aliyekuwa na duka la chumba kimoja na tanuri la kuni uani. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, yeye ndiye aliyemshika kwenye ubatizo. Tangu siku hiyo hatukuitana tena kwa majina. Aliniita "mzazi mwenzangu", nami nikamwita hivyo hivyo.

Miaka ile kahawa ilikuwa imeanza kutuangusha. Zamani ilisomesha watoto na kuezeka nyumba. Sasa wanunuzi binafsi walipita vijijini na mizani zao, kila mmoja na bei yake, na bei zote zilikuwa za kusikitisha. Mume wangu alikuwa akisimama katikati ya mibuni akiitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyegoma kula. Kuing'oa tulikatazwa, kuipulizia dawa hatukuweza. Unga wa ngano nao ulikuwa ghali, na siku nyingine haukuonekana dukani kabisa, kwa hiyo chapati zilikuwa chakula cha Krismasi na Pasaka.

Ndipo bibi shamba wa kata yetu alipotuita wanawake wa jumuiya. Alikuwa anakuja kwa pikipiki, amevaa suruali ndani ya sketi, na kwa hilo tu kina mama wazee walimsema mwaka mzima. Siku hiyo alisimama mbele yetu na mkungu wa mshare, ile ndizi yetu ndefu ya kupika.

"Mahindi yenu ya kule chini yanategemea mvua," alisema. "Mvua ikikosea, hamna kitu. Huu mgomba hauna mwaka wala msimu. Shida yake ni moja, ndizi haikai. Mkijua kuikausha na kuisaga, mtaichanganya na ngano, na mihogo, na ulezi, na hamtalala njaa."

Tulimsikiliza kwa adabu. Nadhani wengi walikuja kwa sababu aliahidi chai. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na wazo moja tu kichwani: tanuri la mzazi mwenzangu.

Haikuwa kazi rahisi. Ndizi za kwanza tulizimenya zikageuka nyeusi mikononi mwetu kama zimechomwa. Bibi shamba akatufundisha kuzikata nyembamba na kuziloweka kwenye maji ya limao. Zikawa nyeupe, lakini Uru ni nchi ya ukungu. Tulizianika kwenye vichanja, jua likatoka kidogo, wingu likashuka kutoka mlimani likakaa, na baada ya muda zikaota ukungu wa kijani. Mama mkwe wangu alizitazama akasema, "Hizi ng'ombe watazikataa." Kisha yeye mwenyewe akatoa jawabu. Tulikuwa na shamba la mahindi tambarare, kule chini kwenye joto. Tukaanza kubeba ndizi zilizokatwa, kuteremka nazo asubuhi, kuzianika kule na kuzilinda dhidi ya kuku na vumbi, na kurudi nazo zikiwa zinavunjika kama kuni kavu.

Unga wake ulikuwa na rangi ya majivu mepesi na harufu kama ya nyasi zilizokatwa. Nilishona mifuko ya marikani, nikaweka uzi wa bluu mdomoni ili tusichanganye mifuko yetu na ya watu wengine kwenye mashine ya kusaga. Nikaupeleka Majengo.

Siku ile tulishinda tanurini, mimi, yeye na mume wake. Mkate wa kwanza tuliweka nusu kwa nusu. Haukuumuka. Mume wake aliugonga kwa kidole akasema, "Huu ni wa kumpigia mwizi." Wa pili ulipasuka. Yeye alikuwa amekunja mikono ya gauni, unga mpaka kwenye nyusi, akawa anacheka.

"Ngano ndiyo inayonyanyua," alisema. "Ndizi inataka kubebwa. Tuibebeshe kidogo kidogo."

Jioni tulipata mkate uliokaa sawa: sehemu moja ya ndizi kwa nne za ngano, na konzi ya unga wa muhogo. Ulikuwa na rangi ya ngozi ya mtu aliyetoka kuoga, laini ndani, na utamu ambao huwezi kusema umetoka wapi. Tulikula tumesimama. Mume wake akasema utauzika, na ukauzika. Wapangaji wa Majengo waliununua asubuhi kwa chai, mafundi waliununua mchana, na kwa kuwa ngano ilikuwa inakwenda kidogo, waliweza kuuza kwa bei ambayo mama wa watoto wengi aliimudu. Watu wakauita mkate wa ndizi. Mlangoni pa duka mzazi mwenzangu akachora mkungu, kwa mkono wake.

Kikundi chetu cha kukausha ndizi kikakua. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwashawishi wanawake, na waliingia kwa sababu waliniamini mimi, na mimi nilimwamini yeye.

Baadaye wakaja wageni wa mradi mmoja uliojihusisha na mambo ya chakula. Walionja mkate, wakapiga picha migomba yetu, wakamtazama mama mkwe wangu akikata ndizi kwa kisu chake kidogo. Wakampa mzazi mwenzangu mashine ya kukandia na tanuri la umeme. Sharti lilikuwa moja: unga wa ndizi anunue kwetu, na asiache. Alisimama mbele yao, akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Huyu ni ndugu yangu," alisema. "Mimi na huyu tumetoka mbali. Siwezi kumwacha."

Nililia siku hiyo. Kwa fahari.

Mwaka uliofuata mvua za vuli hazikunyesha. Za masika zilikuja, zikatudanganya, zikaondoka. Mahindi ya tambarare yaliungua yakiwa magotini. Juu kwetu migomba ilisimama, maana mfereji ulikuwa bado unaleta maji ya mlima kidogo, lakini mikungu ilikuwa midogo, na sasa kila ndizi ilikuwa na wanaoitaka: watoto, ng'ombe, na mkate wa mjini. Wanawake wakaanza kuniuliza kama tusingeweza kupumzika kupeleka unga mpaka mambo yatengemae.

Niliteremka Majengo kumweleza. Nilikaa dukani kwake kwenye kigoda, nikamwambia mahindi yamekufa, nikamwambia nyumba nyingine zinakunywa uji mara moja kwa siku.

"Usinikatize sasa, mzazi mwenzangu," alisema. "Mkiacha kuleta, wale wageni watasema mradi umekufa. Na hapa mjini watu wanautegemea mkate huu kuliko zamani. Vumilieni kidogo."

Siku hiyo niliona mkate rafuni ni mweupe kuliko nilivyouzoea. Nikamwambia.

"Ni ile mashine mpya," alijibu. "Inakanda mpaka unga unang'aa."

Nilirudi nikawaambia wanawake tuvumilie, mji unatutegemea. Walinuna lakini walimenya. Mama mkwe wangu alikuwa na mgomba mmoja mnene nyuma ya zizi, wa kwake mwenyewe. Aliukata mkungu wake akauleta kichanjani. Chakula chake akawa anakipunguza, anasema tumbo la mzee halihitaji mengi. Niliona mikono yake inavyokonda kwenye bangili. Tulikuwa na ndizi ndani ya nyumba, tunazikata, tunaziosha kwa limao, na tunakunywa uji mwepesi.

Katika hali hiyo hiyo ndipo mzazi mwenzangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Walikuwa wamehamia nyumba mpya nje ya mji, upande wa chini, yenye uwanja mkubwa na banda nyuma. Mzazi kwetu haendewi mikono mitupu. Niliomba mbavu za ng'ombe kwa shemeji yangu aliyechinja, nikachagua ndizi nzuri katika zile zilizobaki, nikapika mtori mzito na kuujaza kwenye sufuria, nikaufunga kwa khanga na kuteremka nao asubuhi.

Alinipokea kwa furaha ya kweli. Hilo siwezi kumnyima. Alikuwa amechoka, uso umevimba, akanikumbatia muda mrefu. Nikambeba mtoto, nikamwogesha, nikampakulia yeye mtori kwenye bakuli. Kisha nikaenda uani kuchota maji ya kufulia nepi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na nguruwe. Dada wa kazi, msichana mkubwa kutoka Upareni, alikuwa anachanganya chakula chao kwenye pipa. Alikuwa anamimina unga. Sikuutazama unga kwanza. Nilitazama mfuko uliokuwa mkononi mwake, kwa sababu ulikuwa wa marikani na mdomoni ulikuwa na uzi wa bluu.

"Unawapa nini?" nilimuuliza.

"Huu wa ndizi, mama," alisema. "Umejaa stoo. Kule dukani hawautumii siku hizi, kwa hiyo baba anauleta huku. Wanaupenda kweli."

Aliumwaga kwenye hori na wale nguruwe wakaingiza vichwa. Nilisimama pale na ndoo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na mifuko yangu ilipangwa ukutani mpaka kifuani kwa mtu. Mingine ilikuwa haijafunguliwa hata mara moja. Niliona nilivyorudia kushona mmoja uliochanika, mshono wangu mwenyewe uliopinda, nikakumbuka kuwa huo ulikuwa na unga wa mkungu wa mama mkwe wangu.

Nilirudi ndani. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, bakuli limefika nusu.

"Mzazi mwenzangu," nilisema, "nguruwe wako wanakula nini?"

Aliinamisha macho kwa mtoto. Hakuniuliza ninasema nini.

"Nani amekuonyesha?"

"Nimeona mifuko yangu."

Akaweka bakuli chini. Kisha akaanza kusema haraka haraka, kama mtu aliyejizoeza. "Ngano siku hizi imejaa kila duka, inatoka nje, imeshuka bei. Wenzangu wanauza mkate mweupe kama pamba. Wateja wakaanza kuniambia mkate wangu ni wa shida, shida imekwisha. Ningefanya nini? Nife na ndizi?"

"Ungetuambia."

"Ningewaambia ninyi, wageni wangesikia. Wangechukua mashine, wangechukua tanuri. Na ninyi mngekosa hata kile kidogo nilichokuwa nawapa. Niliwafikiria na ninyi pia."

"Mlangoni pako bado pana mchoro wa mkungu."

"Wageni hupita wakauangalia."

"Mama mkwe wangu analala na njaa ili unga uje kwako."

"Sikujua mmefika huko."

"Nilikuambia. Nilikaa dukani kwako, kwenye kigoda chako, nikakuambia."

Alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. Nilimsubiri. Kama angesema neno moja wakati ule, neno lolote la kunitambua, sijui, pengine ningelishika. Akasema, "Mtoto anataka kulala."

Nilitoka. Sufuria yangu niliiacha. Nilikwenda stoo nikachukua ule mfuko wenye mshono uliopinda, nikamwomba yule dada wa kazi anitwishe, akanitwisha akiniuliza kama nina nguruwe na mimi. Hakuna aliyenizuia getini.

Jumapili baada ya misa nilikaa na wanawake nyuma ya kanisa nikafungua mfuko mbele yao. Unga ulikuwa umeingia fukusi, unatembea. Niliwaeleza nilichokiona, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza. Mama mmoja aliingiza mkono, akauinua ule unga, akauacha umwagike kati ya vidole.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijui. Lakini mifuko ni mingi."

"Tangu kabla ya ukame?"

"Nadhani kabla."

Mwingine, ambaye watoto wake walikuwa wameacha kwenda shule kwa sababu ya udhaifu, alisimama. "Wewe ni rafiki yake. Unalala kwake ukienda mjini. Usituambie hukujua."

"Sikujua."

"Basi ulikuwa kipofu," alisema, "na sisi tulimfuata kipofu."

Wakaondoka wawili wawili. Hakuna aliyenitukana, na nilitamani wangenitukana. Wengine walinisadiki, nilijua baadaye. Lakini siku ile nilibaki peke yangu na mfuko wenye wadudu, na nikaelewa kwamba mzazi mwenzangu hakuuza jina lake peke yake. Aliuza na langu, na langu lilikuwa la kuishi nalo hapa hapa, kwenye vijia hivi ambako kila asubuhi nakutana na wale wale.

Mama mkwe wangu hakuwepo kanisani. Nilimwambia jioni, jikoni, nimepiga magoti mbele ya mafiga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao nguruwe wamenona?" aliuliza.

"Wamenona, mama."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamshika mgongo, na nilipomtazama usoni niliona si kicheko tena. Akajifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akainuka, akaenda kichanjani, akazoa ndizi zote zilizokuwa zimemenywa kwa ajili ya kukaushwa, akazimimina kwenye chungu kikubwa pamoja na maharage, akakifunika.

"Leo tunakula sisi," alisema.

Kikundi kilikufa hivyo, bila mkutano. Lakini ujuzi ulibaki, na ajabu ni kwamba uliokoa nyumba nyingi mwaka ule. Kila mmoja alikausha ndizi zake na kuzisaga kwa ajili ya watoto wake. Mimi nilichanganya na ulezi kwa uji wa asubuhi, na nilipopata ngano kidogo nilipika chapati za kijivu ambazo wanangu walizipigania. Bibi shamba alisema kweli. Hatukulala njaa tena namna ile. Kwa hilo namshukuru, na hilo hilo ndilo linalonichoma, kwamba chakula tulikuwa nacho muda wote.

Wageni wa mradi sikuwatafuta. Nilisikia walirudi, wakaonyeshwa duka, wakaridhika.

Ukame ulipopita, mama wa mzazi mwenzangu alikuja Uru. Alikuwa mzee tayari, ametoka Kilema kwa safari ndefu, na mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu anayeletewa sale ameombwa msamaha, na sale halikataliwi. Nilimwamkia shikamoo, nikamkalisha, nikampa maziwa. Alinyoosha jani mbele ya mume wangu na mama mkwe wangu.

"Mwanangu amekosa," alisema. "Ameshindwa kuja mwenyewe. Aibu imemfunga miguu. Nakuomba, mwanangu, nawe nilikubeba mgongoni."

Nililipokea kwa mikono miwili. Yule mama alipumua, akalia kidogo, akanibariki. Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama nina neno la kumpelekea mwanaye.

"Mwambie mtoto wake wa ubatizo hajambo," nilisema.

Na ndivyo tulivyoishi. Tulipokutana msibani tulisalimiana. Kwenye komunyo ya binti yangu alikuja na keki kubwa nyeupe, watu wakaisifu, nami nikamkatia kila mgeni kipande. Binti yangu nilimficha jambo lile. Niliona si haki kumpokonya mama yake wa ubatizo, aliyekuwa anampenda na kumshonea magauni, kwa ajili ya ugomvi ambao sale lilishaumaliza. Nilidhani kunyamaza ni kulinda.

Binti akakua, akasoma, akarudi nyumbani bila kazi kama wenzake wengi. Ngano nayo ikapanda tena. Siku moja alikuja kutoka mjini anang'aa.

"Mama, mama wa ubatizo ananitaka tushirikiane," alisema. "Anataka kurudisha ule mkate wa ndizi. Mimi nikusanye wasichana wa huku, tukaushe, tusage. Ameniambia wewe ndiye uliyemfundisha. Mbona hujawahi kuniambia?"

Nilimkalisha nikamweleza yote: kigoda, mashine inayong'arisha unga, hori, bibi yake na mkungu wa nyuma ya zizi. Alinisikiliza vizuri. Ana adabu. Nilipomaliza alinishika goti.

"Pole, mama," alisema. "Lakini hayo ni mambo yenu ya zamani. Na si alituma sale?"

"Alituma."

"Basi."

Asubuhi aliponiomba nimwonyeshe jinsi ya kuzuia ndizi zisiwe nyeusi, nilimwonyesha. Nilimfundisha unene wa kukata, na kwa nini zianikwe chini badala ya huku kwenye wingu. Nilimwambia aende mwenyewe tanurini kila wiki, bila kutoa taarifa, akatie mkono wake kwenye unga unaokandwa. Akaahidi, na najua anakwenda.

Migomba yangu sikumpa. Alinunua kwa majirani, na baadhi yao ni watoto wa wale wanawake wa nyuma ya kanisa. Siku za kusaga wanapita mbele ya nyumba yangu na mizigo kichwani, wananiamkia, nami naitikia. Yule aliyeniita kipofu alishafariki. Mwanaye wa kike ndiye anayeongoza wenzake sasa, anacheka sana, na huwa ananiita niende nao mjini nikaone mkate wenyewe ulivyo mzuri. Namwambia nitakwenda. Sijakwenda bado.